Plagi Mfukoni mwa Fundi

Toyota Aqua ikiletwa gereji na pembetatu nyekundu imewaka kwenye dashibodi, fundi anayeijua kazi haanzi kwa spana. Huanza kwa kuvua. Saa, pete, mkufu, vyote huingia kwenye kopo. Ufunguo wa gari humrudishia mwenyewe na kumwambia aende nao kule kwenye kibanda cha chai, asije mtu akabonyeza kidude cha kuwashia na gari likaamka mikono ingali ndani. Kisha huchukua glavu za mpira zilizotengenezwa kuhimili volti 1,000, huzikunja moja moja kuanzia mdomoni kwenda kwenye vidole mpaka vidole vivimbe kwa hewa iliyonaswa, halafu huisogeza kila moja shavuni kusikiliza kama kuna upepo unaotoroka. Akipata tundu la sindano, kazi ya siku hiyo imeahirishwa.

Fundi ninayemsema hufanyia kazi kando ya barabara pale Ganze, kaunti ya Kilifi, chini ya mwarobaini. Kwa mpita njia hapana cha kutazama: benchi, meza ya mbao yenye jiriwa, ngozi ya ng'ombe ya kulalia anapoingia uvunguni, na mzoga wa Peugeot 504 ambao kuku wamejipangia. Wateja wake ni Probox zinazopakia watu kuliko viti, pikipiki za bodaboda, lori za kutoka Jaribuni, na kadiri miaka inavyokwenda, hizi gari ndogo za haibridi zilizokuja kwa meli kutoka Japani zikiwa zimeshatumika. Injini alijifunzia hapa hapa, kwa kushika tochi akiwashikia wenzake. Stima ya volti kubwa alikwenda kuisomea Mombasa, gereji ya watu, na anasema mwaka wa kwanza hakuruhusiwa kugusa waya wowote wa rangi ya machungwa. Rangi hiyo ndiyo onyo ambalo watengenezaji wa magari wamekubaliana nalo: ukiiona, unatazama kitu kinachoweza kuua.

Ni mzito wa mikono. Nimewaona wepesi, wanaofungua boneti gari halijasimama vizuri, na zamani niliwahesabu kuwa ndio mafundi. Kwa magari haya nimebadili mawazo.

Siku moja abiria mmoja, mama aliyekuwa anarudi Bamba na mbuzi wake wawili, alimuuliza dereva wa Aqua, "Mwanangu, hili walichaji wapi?"

"Halichajiwi, mama."

"Basi ni la stima namna gani?"

Dereva akamtazama fundi. Fundi akasema ukitaka kulijua gari la namna hii uliza mambo mawili tu: gurudumu lazungushwa na nini, na stima yaingilia wapi. Mengine ni rangi na viti.

Aqua haina mahali pa kuchomeka waya. Stima yote iliyomo ndani yake imetoka kwenye injini ya petroli au kwenye breki, na hata hiyo ya breki ilianza kuwa petroli. Dereva anapotoka bara akiteremka kuelekea Kilifi na kuachilia mafuta, magurudumu huizungusha mota badala ya mota kuyazungusha, na ule mwendo ambao ungepotea kuwa joto kwenye brekipedi hurudi betrini. Ndiyo maana brekipedi za haibridi hukaa muda mrefu, jambo ambalo fundi hulisema kwa huzuni ya mfanyabiashara.

Zipo haibridi nyepesi kuliko hiyo, kama Nissan Serena ya S-Hybrid, ambamo mota ndogo imefungwa kwa mkanda mahali pa alteneta ili iisaidie injini kidogo. Fundi hana maneno mengi juu yake, nami sina.

Kwa hii haibridi kamili ana maneno mengi, tena ana kitu cha kuonyesha. Ndani ya gunia, chini ya meza, ameweka gia za Prius iliyogongwa. Prius ndiyo mama wa ukoo huu: Toyota waliitoa Japani Desemba 1997, wahandisi wakiongozwa na Takeshi Uchiyamada, na Aqua ikafuata Desemba 2011 kwa fikra ile ile ndani ya bodi ndogo. Alizifuta gia zile kwa kitambaa na kuniwekea kiganjani. Katikati pana gia moja, jua. Kuizunguka pana gia ndogo ndogo, sayari, zimeshikwa na fremu moja. Nje pana pete yenye meno kwa ndani. Injini huzungusha fremu ya sayari. Mota ya kwanza imeshika jua. Mota ya pili, ile kubwa, husukuma upande wa pete, na upande huo ndio uendao kwenye magurudumu.

"Shika pete kwa gumba," akaniambia. "Gari limesimama. Sasa zungusha fremu."

Nikazungusha fremu polepole, na jua likazunguka mbio. Katika Prius jua lina meno 30 na pete ina meno 78. Pete ikitulia, injini ikizunguka mara moja jua huzunguka mara 3.6. Hivyo ndivyo gari lililosimama kwenye foleni linavyojichaji. Akaniambia niiachilie pete na nishike fremu: injini imezimika, pete na jua vinazunguka kinyume, gari linakwenda kwa stima tupu. Meno hayaachani hata mara moja. Hakuna klachi, hakuna gia ya kwanza wala ya tano, hakuna kinachoruka kutoka hapa kwenda pale. Kinachobadilika ni kasi ya mota ya kwanza tu, na kompyuta ikiiharakisha au kuipunguza, injini hupata mzunguko unaoifaa hata mwendo wa gari uwe wowote. Michoro ya gia hii imejaa vitabuni, na yote haifikii dakika moja ya kuishika mkononi.

Mota hiyo ya kwanza ndiyo stata, na ndiyo jenereta. Kwa hiyo Aqua haina stata ya kawaida, haina alteneta, na pampu yake ya maji, usukani wake na kompresa ya kiyoyozi vyote vinakwenda kwa stima. Haina hata mkanda mmoja mbele ya injini. Ukiuziwa mkanda wa alteneta wa Aqua, umeuziwa hewa, na wapo waliouziwa.

Nissan wao walikata shauri jingine. Note ya e-Power, iliyotoka Novemba 2016, ina injini ya silinda tatu ya lita 1.2 ambayo haikuunganishwa na magurudumu kabisa. Kazi yake ni kufua umeme. Gurudumu huzungushwa na mota peke yake, saa zote. Wenye gari hizi huja wakilalamika kwamba injini inanguruma wakati wao wanakwenda polepole, au imenyamaza wakati wanapanda kilima, wakidhani kuna kitu kimefyatuka. Hakuna kilichofyatuka. Mngurumo huo hauna habari na mwendo wa gari. Injini inafuata njaa ya betri. Honda Fit ya haibridi ya 2013 nayo ina giaboksi ya gia saba na klachi mbili, na mota imo humo humo ndani. Hapo fundi hukuna kichwa, kwa kuwa ugonjwa wa klachi na ugonjwa wa stima huja na dalili zinazofanana.

Kuna jambo moja alilonifungulia macho zaidi ya gia: alizipima betri zote kwa yuniti, zile zile tunazonunua kwa tokeni za Kenya Power. Betri kubwa ya Aqua ni volti 144 kwa ampea-saa 6.5. Zidisha. Haifiki yuniti moja. Gari zima, na ile pembetatu nyekundu inayomnyima mtu usingizi, linategemea ghala la stima lisilojaza yuniti moja, ila linajazwa na kumwagwa mara nyingi kila safari. Ya Note e-Power ni yuniti moja na nusu. Outlander ya Mitsubishi iliyotoka 2013, ambayo ina tangi la petroli na pia ina plagi ya kuchomeka ukutani, ina 12. Nissan Leaf ya kwanza, ya Desemba 2010, isiyo na tangi la petroli kabisa, ina 24. Mama wa mbuzi angepewa hesabu hii angejua papo hapo lipi linahitaji ukuta wenye stima na lipi halihitaji.

Turudi kwenye Aqua yenye pembetatu.

Baada ya glavu, hung'oa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12. Kisha hutafuta plagi ya usalama ya betri kubwa, kipini cha rangi ya machungwa kinachoikata betri katikati. Hukichomoa na kukitia mfukoni mwake. Hivyo ndivyo kitabu cha Toyota kinavyoagiza: plagi ikae mfukoni mwa fundi, ili asitokee msaidizi mwenye nia njema akairudisha. Halafu hukaa. Anaketi benchini dakika kumi nzima, kwa sababu ndani ya inveta mna kapasita zinazoshikilia chaji hata baada ya betri kukatwa, na inveta ya Aqua huweza kuzipandisha zile volti 144 hadi 520. Dakika kumi ni nyingi kwa mwenye gari aliyesimama juani akihesabu tripu zinazompita. Fundi hazungumzi naye. Akimaliza kungoja huchukua mita, huijaribu kwanza kwenye betri ndogo kuona kama inasoma, hupima kwenye vituo vya inveta, hupata sifuri, kisha huirudisha tena kwenye betri ndogo. Nilimuuliza kwa nini mara ya pili. Akasema mita ikifa katikati, nayo husoma sifuri.

Betri imo chini ya kiti cha nyuma. Kifuniko kikitoka, unaona vipande 20 vyembamba vya plastiki vimesimama vimebanana, kila kimoja kina seli sita za nikeli, kila seli volti 1.2. Anaviandika namba kwa kalamu ya wino mzito, 1 hadi 20, kabla ya kulegeza nati yoyote, kwa kuwa vimepangwa chanya na hasi zikipokezana na kimoja kikigeuzwa kila kitu kimeharibika. Hulegeza nati moja moja na kuziba ncha kwa utepe, maana plagi imeikata betri nusu mbili lakini haikuiua, na kila nusu bado ina volti za kutosha kumtupa mtu chini.

Vipande vya shaba vinavyounganisha vile 20 vilikuwa na kutu ya kijani. Gari hili hulala Kilifi, karibu na maji, na hewa ya chumvi haibishi hodi. Akavitumbukiza kwenye siki na chumvi ndani ya bakuli la plastiki, na baada ya muda vikatoka vyekundu kama siku vilipotengenezwa. Kutu hiyo peke yake huweza kuidanganya kompyuta ikaona betri mbovu, na kuna watu wamenunua betri nzima kwa ajili ya uchafu wa vipande vya shaba.

Kisha ukaja mtihani. Alipima kila kipande kikiwa kimetulia, na vyote vikasoma saba na nukta kadhaa, hata kile kibovu. Hapo ndipo mwepesi hukosea: huona namba nzuri, akafunga. Huyu akachukua balbu ya taa ya mbele, ya wati 55, akaiunganisha na kipande cha kwanza, akatazama saa. Dakika mbili. Akaandika volti za mwanzo na za mwisho kwenye daftari la shule. Akaenda cha pili. Dakika mbili. Cha tatu. Balbu ilikuwa inawaka kwa unyonge, kwa kuwa ni ya volti 12 na imepewa saba, lakini ilikuwa inakula stima ya kutosha kuonyesha nani ana nguvu na nani anajikaza. Kipande namba 11 kilianza na 7.6, kikateremka taratibu kama wenzake, kisha ghafla kikaporomoka mpaka 6.4. Seli moja kati ya sita ilikuwa imekwisha: ondoa volti 1.2, hesabu inakubali.

Dereva akapiga kofi. "Si ndicho hicho! Badilisha twende."

Fundi akaenda namba 12. Akaendelea mpaka 20, dakika mbili mbili, wakati jibu analo tayari kwenye daftari. Namba 9 na 10 zilikuwa hai lakini zimechoka kuliko za pembeni, na hilo halikumshangaza. Vipande vya katikati ndivyo vinavyopata joto zaidi, vimefumbatwa na wenzao kushoto na kulia.

Sasa akageukia jambo ambalo hakuna aliyemwuliza. Betri hii hupozwa kwa feni ndogo inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lenye vyuma vya wavu kando ya kiti cha nyuma. Aliitoa feni ile. Mapanga yake yalikuwa yamevaa vumbi la barabara ya Bamba, limechanganyika na nyuzi za leso, limegandamana mpaka nafasi kati ya panga na panga imeziba. Na pale kwenye wavu palikuwa na alama nyeupe ya unga. Gari la abiria huku hubeba mfuko wa unga, mtungi, gunia la maembe, na vyote hukaa pale pale, mbele ya pua ya betri. Katika nchi kavu kama Ganze, ambako jua halina msamaha tangu Januari mpaka mvua za masika, betri ya nikeli isiyopumua haina maisha. Fundi mwenye haraka angebadilisha kipande namba 11, akapokea pesa, na kipande kipya kingepikwa kwenye jiko lile lile.

Wako pia ambao hawabadilishi hata hicho. Huchomeka kifaa cha kusomea kompyuta, hufuta hitilafu, pembetatu huzima, mteja hushukuru. Siku mbili baadaye inawaka akiwa Vitengeni na abiria.

Kipande cha kuwekea alikitafuta kwenye betri iliyotumika kutoka Mombasa. Alipima vitano kwa balbu ile ile ili achague kimoja, si chenye nguvu kuliko vyote bali kinacholingana na majirani zake. Chenye nguvu sana kikiwekwa kati ya vichovu, vichovu huishiwa mapema na betri nzima hupoteza ulinganifu. Halafu akavisimamisha vyote 20 mezani, akaunganisha chanya zote pamoja na hasi zote pamoja, ili vigawiane chaji vyenyewe mpaka viwe sawa. Hilo halina njia ya mkato.

"Vitalala hapa," akamwambia dereva.

"Fundi, siku bila gari ni siku bila ugali."

"Najua, ndugu yangu. Nikifunga leo, mwezi ujao utarudi kunitukana. Acha vilale."

Akamwambia na la pili, ambalo lilinifanya nimheshimu zaidi: kwamba namba 9 na 10 hazijabakiwa na miaka mingi, na atakapozirudia asidhani ameibiwa. Alimwonyesha daftari. Dereva hakufurahi, lakini alikaa chini akazisoma zile namba.

Asubuhi, vipande vikarudi kila kimoja kwenye namba yake. Nati za betri hii hukazwa kwa nguvu ndogo sana, karibu nyutoni-mita 5, na kwa hizo alikuwa na spana maalumu ya kupimia, kifaa cha bei kubwa kuliko vyote pale chini ya mwarobaini. Ukikaza kwa mkono wa Peugeot, unang'oa msumari kwenye plastiki na kipande kizima kimekwenda. Akatoa plagi mfukoni, akaichomeka na kukilaza kipini mpaka mwisho, kwa kuwa kisipofika mwisho gari halitakubali kuwaka na mtu aweza kupoteza nusu siku akitafuta ugonjwa mwingine. Dereva akaletwa na ufunguo wake. Akabonyeza. Hakuna kilichonguruma, neno READY likawaka kijani. Wakaenda mpaka njia ya Vitengeni na kurudi, fundi ameketi nyuma na kifaa cha kusomea kompyuta, akitazama volti za vipande zikipanda na kushuka kila dereva alipokanyaga mafuta au breki. Zilikuwa zikipanda pamoja na kushuka pamoja.

Magari ya stima tupu bado ni machache huku. Nairobi wana mabasi ya BasiGo tangu 2022, na pikipiki za Roam, kampuni iliyoanza 2017 ikiitwa Opibus na kujulikana kwa kung'oa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za safari na kutia mota. Serikali ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya stima tupu kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na tangu 2023 Kenya Power ina bei maalumu ya kuchajia. Umeme wenyewe hauko mbali: pale Langobaya, upande wa Malindi, kuna mitambo ya sola ya megawati 40. Lakini kinachofika Ganze kinaamuliwa zaidi na sheria ya Kenya ya kutoingiza gari lililopita miaka minane. Tunapokea kile Wajapani walichokichoka, na kwa sasa wameichoka Aqua.

Dereva wetu, akiwa analipa, alimwuliza fundi kuhusu Leaf aliyoona ikiuzwa Mombasa kwa bei ya kushangaza. Haina feni ya kuzibwa na vumbi, si ndiyo?

Fundi akamwambia haina feni kwa sababu haina kipoza betri cha aina yoyote, na ndiyo shida yake. Huko Arizona, Marekani, mwaka 2012 wenye Leaf walilalamika kwamba joto la jangwa linawalia betri, na Ganze mwezi wa pili si mahali pa baridi. Kwenye dashibodi, pembeni mwa kipimo cha chaji, kuna vijiti 12 vinavyoonyesha betri imebaki na uwezo kiasi gani, na kile cha kwanza kikianguka karibu asilimia 15 imeshakwenda. Muuzaji atakuonyesha imejaa chaji. Hilo si swali. Mwambie akupigie picha ya vile vijiti, gari likiwa limewashwa, na vikiwa chini ya tisa usimtumie mtu pesa.

"Na vikiwa kumi?"

"Vikiwa kumi, nipigie twende wote. Nitakuja na kifaa changu."